Kokwa za Masada: Kuzitunza au Kuzipanda?

Ni nani aliye na haki: yule aliyezitunza kokwa za kale asikubali ziguswe, au yule aliyeziomba akazitia udongoni? Swali hili limetushughulisha tangu tuliposoma habari za mtende wa Masada. Twaliandika hapa kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wakulima, nao wajua uzito wa kushika mbegu ya mwisho mkononi.

Masada ni ngome ya mfalme Herode, juu ya mlima wa mwamba karibu na Bahari ya Chumvi. Warumi waliizingira, wakaitwaa mwaka 73 au 74. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa siku zile, asimulia ya kuwa watu 960 waliokuwamo walichagua kufa kwa mikono ya wenzao kuliko kutekwa. Mali yao waliiteketeza, bali vyakula waliviacha, ili adui ajue kwamba si njaa iliyowashinda. Wataalamu wa leo hawaikubali habari hiyo yote. Lakini kama ni kweli, basi chakula kile kiliachwa kiwe shahidi, na jambo hili lafanya swali letu kuwa gumu zaidi.

Kati ya mwaka 1963 na 1965 Yigael Yadin, wa Chuo Kikuu cha Kiebrania huko Yerusalemu, aliongoza kazi ya kufukua ngome ile. Katika vitu vilivyopatikana zilikuwamo kokwa za tende. Ziliwekwa akiba miaka ipatayo 40, kisha daktari mmoja wa Yerusalemu, Sarah Sallon, mwenye kuchunguza mimea ya dawa, akaomba apewe chache azipande. Mitende ya kale ya Uyahudi, iliyosifiwa na waandishi wa Kirumi, ilikuwa imekwisha kutoweka. Ile ilimwayo huko leo imetokana na miche ya nchi nyingine.

Ni vyepesi kumcheka mtunzaji anayesita, na kumwita bahili. Sisi hatumcheki. Kokwa ya kale ni kama barua. Kwa umbo lake na ukubwa wake mwenye elimu hujua ni tende za namna gani zilizoliwa, na kwa kupima kaboni iliyomo hujua umri wake. Lakini upimaji huo wataka kipande kichomwe, na upandaji wataka kokwa nzima. Ikioza udongoni, barua imepotea, na mwanafunzi atakayezaliwa miaka mia ijayo, mwenye vyombo bora kuliko vyetu, hataisoma kamwe. Yeye naye ana haki, ingawa hawezi kuja kuidai. Tena, kama wasingekuwapo watu wa kuzitunza bila kuzigusa, huyo daktari angeomba nini?

Hata hivyo mbegu si chungu wala sarafu. Chungu kikikaa kabatini hakipungukiwi na kitu. Mbegu ikikaa, uhai uliofichwa ndani yake huzidi kufifia. Mama zetu, waliotundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, hawakuyatundika ili yatazamwe. Twaona ya kuwa mtu atunzaye mbegu ametunza vitu viwili, habari na uhai, na hawezi kusema amefanya kazi yake yote ikiwa amelinda kimoja tu.

Basi daktari alipewa kokwa chache. Mwezi wa Januari 2005 Elaine Solowey alipanda tatu huko Ketura, katika bonde kavu la Araba, baada ya kuzilowesha na kuzitia dawa za kuamsha mbegu. Moja ikachipuka. Wakauita mche ule Methusela. Wengine walisema kwamba mtende umefufuka, na twasikia neno hilo hata katika mahubiri. Tungependa liachwe. Kilichokufa hakichipuki, kokwa ile ilikuwa hai muda wote, imelala katika ukavu wa jangwa.

Jambo lililotupendeza kuliko yote ni dogo. Mche ulipohamishwa, vipande vya ganda la kokwa vilionekana vimeshikamana na mizizi. Hivyo ndivyo vilivyopimwa, vikathibitisha umri wa karibu miaka elfu mbili. Ganda lilikuwa limemaliza kazi yake kwa mche, ndipo likatoa ushuhuda wake kwa wataalamu.

Laiti habari ingeishia hapo, tungekuwa na jibu jepesi. Lakini mwaka 2011 Methusela alitoa maua, akajulikana kuwa ni mtende dume, usiozaa. Ili tende zipatikane ilibidi kuomba kokwa nyingine, za Masada na za mapango ya jangwa la Yudea. Zilipandwa zaidi ya 30, zikaota sita tu: Adamu, Yona, Urieli, Boazi, Yudithi na Hana. Nyingine zote zilipotea. Je, hiyo ilikuwa tamaa? Tulisita hapa siku nyingi. Twaona si tamaa, kwa sababu zilichaguliwa chache kati ya mamia, na kwa sababu wenye kazi waliandika wazi, mwaka 2020, hesabu ya zilizopotea pamoja na zilizoota. Kama wangepanda zote, au kuficha hasara, tungesema vingine.

Mwaka huohuo Hana, aliyetiwa unga wa maua ya Methusela, alizaa kwa mara ya kwanza. Zilichumwa tende 111. Kokwa zake ni changa, wala hazijui lolote la ngome ile. Mtaalamu wa mambo ya kale hawezi kuzipokea badala ya zile zilizooza. Mkulima aweza.