Wazee Wetu Wako kwa Nani?



Usiku mmoja baada ya Isha tulibaki msikitini kama ada yetu, mazungumzo yakaangukia ile filamu ya BBC Africa Eye ya mwaka 2023 kuhusu nyumba ya wazee ya Thogoto, huko Kikuyu nchini Kenya. Kamera ya siri ilionyesha wazee wakitendewa ukatili na kupuuzwa na watu waliokabidhiwa kuwatunza. Nyumba ile ilikuwa chini ya kanisa. Ndugu mmoja akatikisa kichwa, akasema: “Alhamdulillahi, sisi Waislamu hatuna nyumba za wazee. Mzee wetu anafia mikononi mwa wanawe.” Sote tukaitikia alhamdulillahi. Na mimi niliitikia. Kisha nikarudi chumbani na usingizi ukakataa kuja, kwa sababu mimi nina habari ya kufuli.

Nianze na kauli yenyewe, maana haina ukweli. Zanzibar ina nyumba za wazee, Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba. Humo wanaishi wazee wasio na jamaa wa kuwatunza, na wengi wao ni Waislamu kama sisi. Zanzibar hiyohiyo, mwaka 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Sitaji haya kwa kuwalaumu. Wao angalau wamekubali kwamba wapo wazee wasio na mtu, wakawatengea mahali na fungu. Mzee asiye na wana hawezi kufia mikononi mwa wanawe, na sisi pale msikitini tulimsahau kabisa.

Halafu tuseme hakuna nyumba ya wazee, kuna nyumbani tu. Je, mzee amesalimika? Januari 2016, wilayani Neno, kusini mwa Malawi hii tunayoishi, wazee wanne wa familia moja waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu kuleta radi iliyomuua binti. Sheria ya nchi tangu 1911 inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, haikuwasaidia. Kule Ganze, kaunti ya Kilifi, kuna mahali panaitwa Kaya Godoma ambapo wazee hukimbilia wakituhumiwa uchawi, na mara nyingi wanaowatuhumu ni watoto na wajukuu wao wenyewe, na nyuma ya tuhuma kuna shamba la kurithi. Wazee hawa hawakukimbia kituo. Walikimbia nyumbani kwao.

Sasa nije kwenye kufuli. Kwa wasioijua Dzaleka, ni kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Banda palikuwa gereza, na jina lenyewe kwa Kichewa ni kama kauli ya mtu aliyeadhibiwa: nimekoma, sirudii tena. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu 10,000 hivi. Leo tumezidi 50,000. Nimekulia hapo, kwa bibi yangu mzaa mama, mtu wa Baraka, katika Fizi. Yeye ndiye aliyenifundisha alifu kwa kijiti mchangani kabla sijakaa mbele ya ustadhi yeyote.

Kisha bibi akafika ule umri ambao Qur'ani, katika Surat An-Nahl na Al-Hajj, inautaja kuwa umri dhalili, mtu anapokuwa hajui tena alichokuwa akikijua. Alianza kwa kunisahau jina. Baadaye akawa anatoka usiku kwenda ziwani kuchota maji. Ziwa lake ni Tanganyika. Dowa hakuna ziwa. Watoto wa mtaani wakaanza kumrushia vijiwe na kumwita mfiti, yaani mchawi. Kambini neno hilo likianza kwa watoto, linaishia kwa watu wazima. Ndipo mama mdogo akanunua kufuli.

Siku moja mama mdogo alikwenda kupanga foleni ya posho, nami nilikuwa na mtihani. Nilimwekea bibi uji, nikafunga mlango kwa nje. Foleni ilikwenda hadi jioni, nami baada ya mtihani nilikaa na wenzangu kuzungumzia maswali. Nilifungua mlango karibu na Magharibi. Bibi alikuwa amejichafua, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kukwaruza mbao. Uji ulikuwa umemwagika. Jambo la kwanza nililofanya, na Allah ndiye shahidi wangu, ni kusonya.

Hapo nilikuwa nimeshajifunza tafsiri ya Surat Al-Israa, aya ya 23. Ningeweza kukueleza kwamba Allah ametukataza kuwaambia wazazi hata “uff”, na kwamba wanazuoni wamesema ikiwa hilo dogo limeharamishwa, basi lililo kubwa kuliko hilo limeharamishwa zaidi. Tarjuma zetu nyingi huliandika neno hilo “Ah!” Nadhani ndiyo maana linatupita. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, uff ni msonyo.

Nimejiuliza tangu siku ile kuna tofauti gani kati yangu na wale wa Thogoto. Wao walilipwa, mimi sikulipwa. Wao walikuwa na wageni, mimi nilikuwa na damu yangu, na hilo linanizidishia mzigo. Tofauti niliyoiona wazi ni kwamba kwangu hapakuwa na kamera. Kituo, hata kikiwa kibaya, mkaguzi anaweza kubisha hodi, mwandishi anaweza kujipenyeza. Nani atabisha hodi kwa bibi yangu? Jirani akisikia mkwaruzo atasema ni mambo ya nyumba ya watu. Sisi tunaliita jambo hilo sitara. Lakini sitara tuliyofundishwa ni kumfunika aliyeteleza, haikuja kumfunika mwenye ufunguo dhidi ya aliyefungiwa. (Nimewahi kusikia hotuba nyingi za sitara. Sijasikia hata moja iliyosema hivi.)

Nilipomweleza mama mdogo kwamba tumedhulumu, alinijibu: “Ningeacha wazi, wangemuua. Wewe ungekuwa wapi?” Alisema kweli. Na mwaka 2023 serikali ilipoanza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, aliyekuwa akitusaidia kutoka Lilongwe alipoteza biashara yake, mama mdogo akazidi kuwa mtu wa foleni na kuuza mandazi. Kufuli lilikuwa dhuluma, na mlango wazi ungekuwa dhuluma kubwa zaidi. Sasa kosa ni la nani?

Turudi kwenye aya. Kuna neno humo ambalo nilikuwa nalipita kila mwaka: ‘indaka, yaani “kwako”. Aya haizungumzii tu mzazi akizeeka, inamzungumzia akizeekea kwako. Uzee unawekwa ubavuni mwa mtu mmoja anayeambiwa: wewe. Na katika hadithi aliyoipokea An-Nasai, Jahima alipomwendea Mtume, swallallahu alayhi wasallam, akitaka kwenda vitani, aliulizwa kama ana mama. Aliposema anaye, akaambiwa ashikamane naye. Hakuambiwa ampelekee fungu lake la ngawira.

Hili linawagusa wengi wa Dzaleka. Wapo waliopata kuhamishiwa nchi ya tatu, wako Marekani, Kanada au Australia, na mzee amebaki kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye faili. Hutuma pesa, na Allah awalipe, maana nafaqa ya mzazi asiyejiweza ni wajibu kwa mtoto mwenye uwezo. Lakini pesa inafika kwa jirani, na jirani ndiye anayeamua kama mzee ataoga leo. Nami niliye Lilongwe, mwendo wa minibasi tu, nisijifanye niko karibu. Toka nianze chuo bibi hayuko kwangu.

Na yule asiye na mtoto popote? Hapa fiqhi haikutuacha gizani. Asiye na jamaa, haki yake iko kwenye Baytulmal, na pasipo na Baytulmal, ni fardhi kifaya juu ya Waislamu wa mahali hapo: wachache wakiitekeleza, wengine wamesalimika, wasipoitekeleza, wote wana dhambi. Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj anasimulia kwamba Umar bin al-Khattab, radhiyallahu anhu, alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni kwa watu. Alimshika mkono, akampa kitu kutoka nyumbani kwake, kisha akaagiza yeye na mfano wake watazamwe kutoka hazina, akiona si insafu kuchukua kodi ya ujana wa mtu na kumtelekeza uzeeni. Yule hakuwa baba yake Umar, wala hakuwa Mwislamu. Umar hakuuliza kwanza watoto wake wako wapi.

Ndiyo maana siku hizi nasema dhambi ya lile kufuli haikuwa ya mama mdogo peke yake. Waliotunong'ona kwa kumfungia bibi walikuwa wengi, na tulisali nao safu moja. Hakuna aliyekuja kusema: nitakaa naye saa mbili, nendeni kwenye foleni. Aliyekuja mwishowe alikuwa mama mmoja Mrundi, muimbaji wa kwaya, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisema tu kwamba anashonea nguo mahali popote, basi atashonea kwetu.

Kufuli bado lipo. Funguo sasa ziko tatu: moja ya mama mdogo, moja ya yule mama wa kwaya, na moja ya binti wa madrasa anayekuja Jumanne na Alhamisi. Jumamosi iliyopita nilimtoa bibi nje. Aliniuliza ziwa liko upande gani, nikamshika mkono tukaenda hadi barabarani, tukarudi.

Nimemwomba katibu wa jumuiya yetu tuwe na zamu ya Jumamosi kwa wazee wa Dzaleka wasio na mtu. Kazi ni kukaa, kufua, kuchota maji, na kumuuliza mzee mwenyewe, faraghani, anatendewaje. Tusiende siku moja kila mara, ili tusiandaliwe. Dada wanahitajika zaidi, kwa sababu wengi ni vikongwe wa kike na wanahitaji kuogeshwa. Nauli tutachangiana. Mpaka naandika haya orodha ina majina manne, ya kaka watatu na dada mmoja.