Aliyenunua Kasi Kabla ya Mizani

Jina lake silitaji, maana si mmoja. Nchini Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe (akianza kuuza, hapo leseni inahitajika), kwa hiyo watu wa namna yake hawakosekani kwenye viwanja vya shabaha. Tuseme ni fundi bomba wa Ohio, mwenye bastola ya silinda ya .38 Special, aliyechoka kununua risasi dukani huku akiacha maganda mazima kwenye ndoo ya taka.

Hesabu yake haikuwa mbaya. Ganda la shaba hutumika tena mara nyingi. Kinachohitajika ni fataki mpya kitakoni, baruti na kichwa. Kilichomponza ni uchaguzi wa mashine. Moja hufanya kazi moja tu kila unapovuta mpini, hivyo maganda yote humaliza hatua ya kwanza ndipo uanze ya pili. Nyingine ina sahani inayozunguka, na ikishajaa, kila mvuto hutoa risasi kamili. Akachukua hii ya pili, tena ya bei nafuu, ambayo sahani yake huzungushwa kwa mkono. Mizani akaona inaweza kusubiri, kwa kuwa mashine ilikuja na kipimio chake cha baruti.

Sasa litazame ganda lenyewe. Risasi ya .38 Special ilitoka mwaka 1898, na ukubwa wake ulilingana na baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu zaidi kwa uzito ule ule, na kipimo cha ile iwakayo haraka hukaa chini kabisa, kama sukari iliyobaki kwenye kikombe cha chai. Ukimimina mara mbili, ganda halifuriki. Kichwa kinaingia vizuri, na kwa nje risasi haina tofauti na wenzake.

Fataki ikakwama. Akasimama, akaichokonoa, akasahau kwamba mpini alikwisha kuuvuta. Akauvuta tena kabla ya kuzungusha sahani. Ganda moja likapata vipimo viwili. Lingeweza pia kurukwa lisipate hata chembe, na hilo nalo ni balaa: fataki peke yake husukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata hukuta njia imezibwa. Kwa fundi wetu baruti ilizidi. Jumamosi silinda ikapasuka mkononi na fremu ya juu ikakatika. Vidole vyake vilisalimika. Bastola haikufaa tena.

Ile mashine ya polepole isingemzuia kukosea, ila ingempa nafasi ya kuliona kosa. Maganda 50 hupangwa wima kwenye kibao chenye matundu, yakatiwa baruti yote, kisha ukayamulika kwa tochi kabla ya kufunga hata moja. Lililozidi hujulikana papo hapo kwa kulinganishwa na majirani zake. Kwa maoni yangu, vifaa vya mwanzo ni kitabu cha vipimo cha toleo la karibuni, mizani, kibao hicho, miwani ya kinga, na nyundo ya kung'olea vichwa kwa risasi yoyote unayoitilia shaka. Mizani iwe ya kazi hiyo hasa. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban miligramu 65. Mizani ya jikoni haiwezi kuaminiwa kwa uzito mdogo hivyo.

Msomaji uliye Dar es Salaam au Nairobi, usijaribu: sheria za Tanzania na Kenya haziruhusu mtu kutengeneza risasi nyumbani bila kibali. Ila kama una ndugu Texas au Minnesota anayetaka kuanza kazi hii, mpigie simu kabla hajaenda dukani, umwambie mashine aiweke mwisho wa orodha, tena achague ile ya polepole.