Giza Chini ya Taa

Watu wawili wanapigana kizani ndani ya nyumba ya wageni. Jukwaani taa zote zinawaka. Kila mmoja anapapasa hewa. Upanga wa huyu unapita karibu na pua ya yule, na macho yao yaliyo wazi hayaoni kitu. Ndicho kisa cha San Cha Kou katika opera ya Beijing. Mwanafunzi wa ugenini anayekitazama bila kudokezwa lolote aweza kudhani ni mzaha. Aambiwe neno moja tu, kwamba huu ni usiku, na papo hapo giza linauenea ukumbi.

Neno hilo ni halali kabisa. Ni deni la mwalimu kwa hadhira yake. Lakini yuko mwalimu mwingine, mwenye huruma zaidi, ambaye angependa kupunguza taa ili giza lionekane. Huyo angewanyang'anya wanafunzi kazi waliyokuja kuifanya, na waigizaji ustadi wao wote. Basi mpaka uko wapi kati ya kumsaidia mgeni na kumdharau?

Mwaka 1930 Mei Lanfang, mwanamume aliyebobea katika kuigiza wanawake, alipeleka sanaa hii Marekani. Mshauri wake Zhang Pengchun, msomi aliyesomea Chuo Kikuu cha Columbia, aliijua hadhira ile. Vikachaguliwa vipande vifupi, vyenye dansi na mapigano kwa wingi, na kabla ya kila kipande Soo Yong alikieleza kwa Kiingereza. Ziara ilifana, Pomona na Chuo Kikuu cha Southern California vikamtunuku Mei udaktari wa heshima. Ila gharama yake haitajwi sana. Mkaazi wa Beijing wa zama zile alisema anakwenda "kusikiliza" opera, na wajuzi walifumba macho huku wakihesabu mapigo kwa vidole. Mmarekani aliletewa sanaa ya macho. (Brecht, aliyemwona Mei kule Moscow mwaka 1935, alikuta humo nadharia ambayo tayari alikuwa akiitafuta, ndivyo walivyo wageni werevu.)

Ni rahisi kuulaumu ufupisho, lakini si haki. Pai Hsien-yung alipoipeleka Mudan Ting, tamthilia ya Tang Xianzu ya mwaka 1598, katika kampasi za Chuo Kikuu cha California mwaka 2006, naye alikata: maonyesho 55 yakabaki 27. Hata hivyo wanafunzi walitakiwa kuja jioni tatu, jumla ya saa tisa hivi, kusikiliza kunqu, mtindo wa uimbaji ambamo silabi moja huvutwa hadi msikilizaji asahau ilianzia wapi. Alipunguza kurasa bila kupunguza madai. Heshima kwa hadhira hupimwa hapo, kwa kile inachoombwa kukitoa. Anayeamini kwamba vijana hawawezi kustahimili sauti ile nyembamba kwa zaidi ya dakika tano amekwisha kuwahukumu kabla hawajaketi.

Wahadhiri wengi hawana jioni tatu. Mwenye saa moja na achague wimbo mmoja, aeleze ni nani anayeimba na kwa nini, kisha awasikilizishe mara mbili, na mara ya pili aizime picha.