Kilichopotea Leningrad

Agosti 1942, mji wa Leningrad ukiwa umezingirwa na jeshi la Wajerumani kwa karibu mwaka mzima, mzee wa miaka 76 alikufa kwa njaa. Jina lake Alexey Troitzky. Walikufa wengi mno mjini humo kwa njaa ileile, na simtaji yeye kana kwamba kifo chake kilikuwa kizito kuliko cha jirani yake. Namtaja kwa ajili ya karatasi zake. Maandishi yake ya kazi yaliangamia katika mzingiro huohuo, na tangu nilipolijua jambo hilo najiuliza: hasa ni nini kilichopotea?

Angekuwa mshairi nisingeuliza. Lakini Troitzky alitunga mafumbo ya mwisho wa mchezo wa sataranji. Kete chache ubaoni, pengine nne, pengine saba, na agizo fupi chini yake: Mweupe aanze na ashinde, au Mweupe aanze na apate sare. Njia iwe moja tu. Akitokea mtu akaonyesha njia ya pili, utungo umekufa, hata uwe mzuri namna gani. Mshairi akibanwa na vina hutafuta neno jingine. Huyu akibanwa hana ruhusa ya kusogeza ukweli hata mraba mmoja.

Alikuwa bwana misitu, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha mkoani, upande wa Smolensk, mbali na vilabu na mashindano ya mji mkuu. Tungo zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1895. Mwaka 1924 mkusanyo wa tungo zake 500 ulitoka Berlin. Mia tano, na kila moja ilipaswa kusimama mbele ya mchezaji yeyote mwenye jicho kali na jioni moja ya nafasi.

Jambo lililonivuta kwake, hata hivyo, ni uchunguzi wa aina nyingine. Kila mchezaji hufundishwa kwamba mfalme na farasi wawili hawawezi kumlazimisha mfalme aliye peke yake afungwe. Unamsukuma hadi kona, unamzibia kila mraba, na palepale unapokaribia kummaliza anakosa pa kwenda bila kutishiwa, na sheria inasema hiyo ni sare. Umaskini wake ndio unaomwokoa. Sasa mpe huyo mfalme askari mmoja. Mambo yanageuka, kwa sababu katika sataranji zamu hairukwi: mwenye askari anayeweza kusogea lazima amsogeze, na mwendo huo mmoja unakupa nafasi ya pigo la mwisho. Troitzky aliliandama jambo hili miaka na miaka kwa ubao, kalamu na kichwa chake. Akachora mstari: askari mweusi akizuiwa na farasi kabla hajauvuka mstari huo, Mweupe anashinda, wafalme wawe popote. Kompyuta zilipokuja kupima, mwishoni mwa karne ya ishirini, mstari ulikuwa umesimama. Zilionyesha pia kwamba ushindi wa namna hii unaweza kuchukua hatua 115. Mtu aliyekaa msituni alikuwa ameuona mwisho wa barabara ndefu kiasi hicho.

Hapa ndipo swali langu linapouma. Tangu mwaka 2012, baada ya kazi iliyofanywa kwa kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Moscow, tuna ghala la kila mpangilio wa kete saba au pungufu, zaidi ya mipangilio trilioni 400, na kila mmoja umeandikwa hukumu yake. Basi kila utungo wa kete saba ambao Troitzky aliuandika ukateketea umo humo. Hata ule ambao angeuandika kesho yake umo. Kama alikuwa mvumbuzi wa kweli zilizokuwako kabla yake, mzingiro haukutunyang'anya chochote: mlima haupotei kwa kuwa ramani imeungua. Nimejaribu kuikubali hoja hiyo, na kila mara moyo wangu umeikataa.

Kiswahili kinanisaidia hapa, ingawa si mpaka mwisho. Tuna kitenzi kimoja, kutunga, kwa shairi na kwa shanga. Anayetunga shanga hakuzifinyanga. Anazikuta kwenye kopo, anachagua, anatupa hii, anarudisha ile, na uzi ndio wake. Kwa muda mrefu niliridhika na mfano huu. Kisha nikaona unapovuja: mtunga shanga anaweza kuweka nyekundu baada ya nyeupe au kinyume chake, apendavyo. Mtunzi wa sataranji akishaweka kete za mwanzo, yote yanayofuata yamekwisha kuamuliwa. Uzi wenyewe si wake. Je, chake ni kipi?

Mwaka huohuo wa 1895, katika gazeti la Glasgow, mwandishi wa safu ya sataranji Georges Barbier alichapisha mpangilio wa kete nne: wafalme wawili, askari mweupe aliyekaribia kuvuka ubao, na ngome nyeusi. Barbier aliamini ni sare. Askari akivuka na kuwa malkia, ngome inajitoa, malkia anaila, na mfalme mweusi anabaki kona hana pa kusogea. Padri mmoja Mhispania aliyekuwa akiishi mjini humo, Fernando Saavedra, akaona jambo ambalo Barbier hakuliona. Askari asiwe malkia, awe ngome. Achukue kilicho kidogo. Ngome nyeusi haina tena njia ya kujitoa kwa faida, na Mweupe anashinda. Saavedra hakumbukwi kwa utungo mwingine wowote. Jina lake linaishi kwa hatua hiyo moja.

Ule ushindi ulikuwamo ndani ya mpangilio wa Barbier muda wote. Macho yake yaliupita kwa sababu mtu mwenye njaa ya ushindi hunyoosha mkono kwa malkia bila kufikiri. Padri yule hakuongeza kete wala kuhamisha hata moja. Aliuliza, na swali halikuwamo ubaoni. Nadhani hapo ndipo ilipo kazi ya mtunzi. Ghala lile la Moscow lina majibu yote na halijauliza hata mara moja. Mipangilio yote imekaa humo kwa cheo kimoja, ule wa Saavedra pamoja na mingine isiyohesabika ambayo haitamshangaza mtu yeyote.

Ndiyo maana nasema Leningrad tulipoteza kitu. Majibu yako salama. Kilichokwenda ni jinsi mtu mmoja alivyokuwa akitazama: mpangilio aliouanza akauacha, askari aliyemhamisha kutoka safu hii hadi ile kwa sababu njia ya pili ilikuwa imejitokeza, makosa aliyoyafuta. Ghala haliwezi kuhifadhi kosa la mtu wala shaka yake. Nafikiria zaidi vile vipande vilivyoshindikana kuliko vile ambavyo vingekamilika, maana hivyo havitapatikana tena popote.

Jana usiku nilipanga kete tano. Mfalme mweusi kona ya h8. Mfalme mweupe h6. Farasi mmoja f6, mwingine c4, akimzuia askari mweusi aliye c5. Zamu ya Mweupe. Huu si utungo, kwa kuwa una njia zaidi ya moja; ni hatua za mwisho tu za barabara aliyoifungua Troitzky. Nilimwondoa askari kwanza, nikapeleka farasi e5: mfalme mweusi hana pa kukanyaga wala hatishiwi, sare. Nikarudisha farasi, nikarudisha askari, nikaanza upya. Farasi akatoka c4 akatua e5. Mweusi alikuwa na mwendo mmoja tu uliobaki, na askari, ambaye sasa njia yake ilikuwa wazi, akashuka c4. Farasi akaruka f7.