Maji Yaliyofika Barabarani

Somo: Yohana 6:1–13



Nilipomaliza nyumba yangu hapa Ukunda, nilisimama madhabahuni nikashuhudia. Mungu alikuwa amenipa kisima chenye maji matamu, pampu na tangi. Mbele ya nyumba nikapanda nyasi za Pemba, kiwanja cha mita kumi kwa kumi. Kila aliyepita langoni alisema, "Hapa pamebarikiwa." Nami niliitikia amina.

Ikaja 2022. Mtakumbuka ukame ule, ulioanza mwishoni mwa 2020 ukatushika mpaka mwanzoni mwa 2023. Ndugu zetu wa Kinango na Lungalunga walipoteza ng'ombe. Mimi nilikuwa nikifungua mpira kila siku saa sita mchana, kwa sababu nyasi zilikuwa zikigeuka rangi, na niliona aibu ushuhuda wangu ukauke.

Siku moja mtoto wa jirani alikuja na mtungi wa lita 20. Kisima chao kilikuwa kimeanza kutoa maji ya chumvi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nyasi zimalize." Nikaingia ndani kujiandaa kwa maombi ya jioni. Niliporudi alikuwa bado amekalia mtungi wake. Akaniambia kwa adabu, "Mzee, maji yanakwenda barabarani."

Nilitazama. Kweli yalikuwa yametoka chini ya lango, yamefanya kijito, na kuku wanakunywa.

Jioni ile sikuweza kuomba. Swali lilinikaa: je, kumwagilia nyasi ni dhambi?

Wako watakaosema haraka, ndiyo. Mimi sisemi hivyo. Vijana wengi wa Diani wanalisha familia zao kwa kutunza bustani za hoteli na kotegi. Tena Mungu mwenyewe alipanda bustani. Na katika Yohana 12, aliyemlaumu Mariamu kwa kumwaga marhamu ya thamani alikuwa Yuda, akiwatumia maskini kama kisingizio. Si kila anayelia "hasara!" ana moyo safi. Lakini marhamu ya Mariamu yalifika miguuni pa Bwana. Maji yangu yalifika barabarani.

Wako pia watakaosema, kisima ni chako na umeme unalipa wewe. Hoja hii niliishika sana, mpaka nilipofikiria yaliyo chini ya miguu yetu. Hapa pwani tumekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake huko chini. Ukivuta kwa pupa, matamu yanapungua na chumvi inapanda. Ukuta wangu wa mawe haufiki huko chini. Siwezi kuapa kwamba pampu yangu ndiyo iliyoharibu kisima cha jirani, lakini pia siwezi kuapa kwamba haikuhusika.

Sasa hebu turudi kwenye somo. Watu elfu tano wamekula wakashiba. Yesu aliyeweza kuzidisha mikate mitano angeweza kuizidisha tena kesho yake. Hata hivyo aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote. Wapendwa, agizo lile lilitolewa siku ya wingi! Sisi tunaoamini Mungu wa miujiza wakati mwingine tunadhani kubana ni upungufu wa imani. Yesu hakuona hivyo. Baraka ikishuka, mwenye imani anatafuta kikapu.

Basi nilikaa chini nikapiga hesabu. Maji ya kina cha sentimita moja juu ya kiwanja changu ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Kila siku kwa wiki nzima ni mitungi 350. Nilishtuka.

Nikapunguza nyasi, nikabakisha mita nne kwa tano chini ya mwembe, pale tunapokaa siku za ushirika wa nyumbani. Kwingine nikapanda mihogo na mipapai. Sasa namwagilia alfajiri, kabla jua halijawa kali. Niliweka makopo matatu tupu juu ya nyasi nikaangalia ni dakika ngapi yanapata sentimita moja, na zikifika nafunga. Mara mbili kwa wiki zatosha, na mvua ikinyesha siwashi kabisa. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo nimeuchanganya na samadi. Nyasi sizikati fupi sana, maana zikirefuka kidogo zinafunika udongo. Maji ya kusuuzia mboga yanakwenda kwenye migomba. Kaskazi ikivuma na nyasi zikageuka kahawia, naziacha zilale. Masika huziamsha.

Kwa wiki sasa ni mitungi 20 badala ya 350.

Lakini hapo ndipo nilipokaribia kudanganyika mara ya pili. Nilijisifu kwa kubana, na jirani bado ananunua maji ya mkokoteni! Kubana maji na kufunga lango ni ubahili tu. Nikatoa bomba moja nje ya ukuta, nikamwendea mama wa yule mtoto kuomba radhi. Akanijibu, "Maji ni ya Mungu, baba. Sisi sote twapewa." Yeye ni Mwislamu, mimi ni mlokole, na siku hiyo yeye ndiye aliyenihubiria.

Biblia inatuambia vikapu vilijaa 12. Haituambii vilipelekwa wapi. Nadhani hilo kila mmoja wetu atalijibu nyumbani kwake: kwa maji, kwa chakula kinachobaki baada ya harusi, kwa nguo zilizojaa sandukuni.

Wiki hii, ndugu yangu, dada yangu, kabla hujashuhudia baraka uliyopewa, toka nje ya lango uangalie inakoishia. Na kama kuna mtoto amekalia mtungi anasubiri, usimwambie angoje.

Mungu awabariki.