Fungu la Mtoto Alaye Polepole

Mwezi huu twataka kusema juu ya bakuli. Katika nyumba nyingi watoto huketi pamoja na kula katika bakuli moja. Nasi tulilelewa hivyo, wala hatuidharau desturi hiyo, maana humfundisha mtoto kumngoja mwenziwe. Lakini tumeanza kujiuliza: je, kula bakuli moja ndiko kugawana kwa haki?

Tazameni wanavyokula. Mtoto wa miaka minane hukata tonge kubwa, hulichovya katika mchuzi, na kabla hajalimeza mkono wake umekwisha kurudi bakulini. Mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu hana meno ya kutosha, vidole vyake havijazoea kazi, na tumbo lake ni dogo, hata milo miwili haiwezi kumtosha kwa siku nzima. Bakuli likiisha, mama huuliza, "Mmeshiba?" Wote huitikia, hata yule mdogo, kwa kuwa yeye huitikia waitikialo wakubwa. Hakuna aliyeiba, na hata hivyo mmoja amenyimwa.

Wala si mambo ya nyumba zenye njaa tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko umri wao. Mtu angedhani ya kuwa mikoa ya ukame ndiyo iliyozidi. Sivyo. Katika Iringa walikuwa karibu 57, na katika Njombe na Rukwa karibu 50, nayo ndiyo mikoa ipelekayo mahindi kwa wengine. Sababu ni nyingi: maji yasiyo safi, kuhara, mama achokaye shambani, uji wa unga mtupu usiotiwa karanga, wala maziwa, wala dagaa waliotwangwa. Lakini twaona neno hili wazi, ya kuwa mahindi ya ghalani hayajawa chakula cha mtoto mpaka mtu ameyatengeneza kwa ajili yake, akaketi naye.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi, ambao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi. Wenyeji wasemao lugha ya Ga walikuwa na jina la ugonjwa huo, naye mwaka 1935 akalitumia katika jarida la madaktari la London: ndio huu tuuitao kwashiakoo. Maana yake, kama walivyoeleza, ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa kuzaliwa mdogo wake. Jina hilo halitaji homa wala wadudu. Lataja nafasi ya mtoto katika nyumba, na jinsi alivyoipoteza.

Sasa yuko mtoto mwingine, ambaye hata akipewa bakuli lake peke yake halimfai, si kwa uchache wa chakula bali kwa ugumu wa kula. Mmoja amezaliwa na kaakaa lililopasuka. Hawezi kunyonya, kwa kuwa kinywa chake hakiwezi kuvuta. Mama hana budi kukamua maziwa katika kikombe safi na kumnywesha kidogo kidogo, hali amemkalisha wima. Waganga wa hospitali huweza kuufunga mpasuko huo, lakini hutaka kwanza mtoto awe na uzito wa kutosha. Basi kulisha hakungoji matibabu. Mwingine ana mtindio wa ubongo, shingo haisimami, na ulimi husukuma chakula nje. Wako wamlazao chali na kummiminia uji. Hiyo ni hatari kubwa, maana chakula huweza kuingia njia ya pumzi na kuleta kichomi. Aketishwe, kichwa kiiname mbele kidogo, chakula kipondwe kiwe laini na kizito, kijiko kiwe kidogo, wala kijiko cha pili kisiende kabla cha kwanza hakijamezwa. Hayo yote hutaka muda mwingi.

Mama mmoja wa usharika wetu mwenye mtoto wa namna hiyo alituuliza, "Kumlisha huyu ni karibu saa nzima, tena mara nne kwa siku. Ninao wengine watatu, na shamba. Je, ni dhambi nikimpa kidogo nikaondoka?" Hatukuweza kumjibu upesi.

Liko jibu ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, ya kuwa chakula apewacho asiyeweza kulima kamwe kimepotea. Jibu hilo twalikataa. Chakula cha mtoto si mshahara. Kama tungalipimiwa kwa kazi ya mikono yetu, nani kati yetu angalinyonyeshwa? Lakini hata baada ya kulikataa, saa ya mama haijawa ndefu zaidi. Saa apewayo mmoja imetolewa kwa wengine, na magugu hayangoji. Hatutaki kumtwika mwanamke huyu maneno mazuri juu ya mzigo alio nao.

Ndipo tulipoona ya kuwa aliuliza kana kwamba yu peke yake. Baba alikuwa uani akingojea firigisi yake, na shangazi wawili walikuwa jirani. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, twasoma habari za wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaagiza wajane wajitahidi zaidi. Walitaka wachaguliwe watu saba, kazi ile ikawa yao. Tukasema na baba.

Hakupendezwa. Juma la kwanza, tuliambiwa, alishika kijiko kama ashikavyo jembe, mtoto akapaliwa, mama akalazimika kumwonyesha upya. Tulipowatembelea mwezi uliofuata ilikuwa jioni. Baba alikuwa ameketi mkekani, mtoto ameegemea kifua chake, na uji umepoa kabla haujafika nusu. Akamwita binti yake aupashe moto tena. Chakula chetu wageni kilikuwa tayari jikoni, nasi tukangoja.