Kihisi na Jirani wa Chini

Kiswahili kimekwisha kukipa jina kile kidude kinachopima unyevu, joto au kina cha maji: kihisi. Neno hilo limetokana na hisi, lenye asili ya Kiarabu, ambalo waja hulitumia kwa maumivu ya mwili na ya moyo pia. Je, kitu kinachohisi bila ya kusikitika huwa kimehisi nini?

Uchukuliwe mfano wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioundwa mwaka 2012. Mto Katuma hunywesha mashamba ya mpunga ya huko, kisha huteremka hadi Sitalike, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kumwagika Ziwa Chada. Kutoka hapo maji hushika njia ya Mto Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa. Katika miongo ya karibuni mto huo umekuwa ukikauka mno wakati wa kiangazi, na sababu mojawapo ni maji yanayochepushwa huko juu kwa umwagiliaji. Viboko kwa mamia hubanana katika vidimbwi vya tope.

Sasa na tumfikirie mkulima kijana, asiyesomea uhandisi, aliyenunua kibao cha Arduino, kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasiokuwa mafundi. Achomeke kihisi upande huu, swichi ya relei upande ule, na pampu mbele yake. Maji yakipungua jarubani, pampu huwaka. Yakifika alama, huzima. Kazi hiyo ni ya kusifiwa: maji hayafuriki bure, na mwenyewe hulala usingizi. Hata hivyo, kihisi kimezamishwa katika jaruba moja tu. Kila dakika huuliza kama shamba hili lina kiu. Hakiulizi mto umebakiwa na nini. Aliyekuwa akifungua mfereji kwa mkono alipita ukingoni, akaona maji yalivyoshuka, akakutana na jirani, akaona haya. (Si wote, bila shaka, wengine walifungua usiku.)

Wenye jamaa Oman wanaijua mifereji ya aflaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Huko zamu zilipimwa kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku. Kijiti nacho hakina huruma, wala hakikutakiwa kuwa nayo. Kilisimikwa mahali pa wazi, kikapima haki ya kila mmoja mbele ya mwenziwe, si kiu ya bustani moja.

Basi lawama si ya kihisi, bali ni ya mahali kilipochomekwa. Kibao kilekile kingeweza kusikiliza kihisi cha pili, kilichofungwa darajani Sitalike, na kuinyima umeme pampu ya juu pindi mto unaposhuka chini ya kiwango. Hilo si muujiza: lataka redio, betri, paneli ya jua, na mlinzi wa kukikinga kisikanyagwe na kiboko. Lililo gumu ni kukiandika hicho kiwango. Ni tarakimu moja tu ndani ya programu, lakini mwenye jaruba hana haki ya kuiandika peke yake. Wakulima wa Mpanda, askari wa hifadhi na wavuvi wa Rukwa wangelazimika kuketi kwanza, kabla ya kununuliwa hata waya.